Mwaka Niliotazama Habari za Japani

Tulimzika Chantal Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita, na baada ya maziko tukakusanyika kwenye ukumbi wa parokia kule Jette, wali na sombe ya majani ya muhogo na samaki vikiwa mezani ndani ya masufuria yaliyofunikwa kwa karatasi za alumini. Binti yake mkubwa alishika kipaza sauti akamsifu mama yake: namna alivyowasomesha, namna alivyoimba kwaya, namna ambavyo hakuna mgeni kutoka Kivu aliyefika Brussels akalala njaa Chantal akiwapo. Halafu akasema jambo lililowafanya watu waache kutafuna. "Muliijua ya kama maman alionekana ku télé ya Japon? Alikuwa anatunza mumama moja muzee, kule Woluwe. Bajaponais bakamufilma, bakasema ule muntu eko na moyo ya malaika." Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye viti vya nyuma, sahani mapajani, nikainamisha kichwa. Jirani yangu akanigusa kiwiko. "Alors, maman Zawadi, weye ulikuwa naye ile wakati. Ulijua?" Nikamwambia nilijua. Sikusema zaidi, kwa sababu msiba si mahali pa kusahihisha maneno ya yatima. Lakini yule mama mzee hakuwa wa Chantal. Alikuwa wangu, na mwaka ule ulikuwa wangu, na makosa yake pia ni yangu.

Ya nyumbani Bukavu nayaacha, yana mahali pake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasubiri karatasi za ukaazi, na Chantal alinipokea katika chumba chake karibu na stesheni ya Gare du Nord, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama maofisi marefu aliyokuwa akiyasafisha alfajiri. Kitanda kilikuwa kimoja. Yeye alipoamka mimi nilihamia upande wake uliokuwa na joto. Kupitia ukuta tulisikia familia ya Warundi wakisali, wakigombana, wakicheka, na Chantal alikuwa akiwajibu kana kwamba wamo chumbani: "Ndiyo, papa, una haki, mutoto huyo hasikie." Asubuhi mbili kwa wiki alikuwa akimsafishia nyumba mama mmoja wa Kijapani, mjane wa mhandisi Mbelgiji. Mama yule alipoanguka bafuni akavunjika kiuno, akahitaji mtu wa kushinda naye kila siku, Chantal akanipa mimi kazi hiyo. "Haongeaka sana," alinionya. "Na vua viatu kwa mulango, sivyo atakufukuza."

Aliitwa Madame Sumiko. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya tano, Woluwe-Saint-Lambert, na hata leo nikipanda lifti inayonukia nta ya mbao moyo wangu unafikiri unafika kwake. Viatu viliachwa mlangoni, kulikuwa na ndara za sebuleni na ndara nyingine za chooni, na siku ya kwanza nilitoka chooni na zile za chooni nikaenda nazo hadi jikoni. Alinitazama miguu mpaka nikaelewa mwenyewe. Tulizungumza Kifaransa, chake cha kukatakata, changu cha shule ya masista. Alikula wali mweupe bila chumvi wala mafuta, wali ambao kwetu hupewa mgonjwa, pamoja na supu ya maharage yaliyochachushwa na kipande cha samaki kidogo kiasi cha kumwonea huruma. Wiki ya tatu nilipika fufu yangu, ugali wa muhogo, nikaificha nyuma ya friji, akaja na fimbo yake, akamega kwa vidole viwili, akatafuna sana. "Haina ladha," akasema. Nikamjibu, "Madame, hata wali wako hauna." Alicheka mpaka akashika kiuno. Tangu siku ile aliniita Zawadi-san, kwa lile neno lao la heshima.

Na kila siku, saa nne na robo asubuhi, tulitazama habari za Japani. Alikuwa na kisahani kwenye kibaraza kilichonasa stesheni ya kwao, na kwa kuwa kule jua lilikuwa limekwisha kuzama, taarifa yao ya jioni ilitukuta sisi tukimenya karoti. Sikuwahi kuona habari za namna ile. Redio niliyokua nayo ilitaja vilima vilivyotekwa na madaraja yaliyovunjwa, tukasikiliza kwa kuhesabu umbali. Hawa walisoma mambo ya wakubwa haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, halafu wakatulia, wakaenda kubisha hodi kwa watu. Mume na mke wenye mgahawa wa viti sita, wanaoamka kabla ya jogoo. Dereva anayepeleka mboga milimani kwa gari dogo, na vikongwe wanaomngoja barabarani na vikapu. Mama wa watoto tisa akipanga ndara zao. Maandishi makubwa ya rangi yalipita chini ya kioo, na pembeni kulikuwa na kidirisha kidogo chenye uso wa mtangazaji wa kike aliyekuwa akitazama pamoja nasi. Mzee akilia, naye alilia humo kidirishani. Kwetu ukiulizwa "habari?" unajibu "nzuri" hata kama paa linaungua. Hawa walimwuliza mtu habari zake, kisha wakakaa kusikiliza jibu lote.

Madame Sumiko alinitafsiria. Alianza kwa neno mojamoja, ili nisimsumbue, baadaye akawa hawezi kutazama bila kunieleza. Nikajifunza majina ya jamaa, kwa sababu mimi nilitaka kujua nani ni nani: huyu ni mama, huyu ni shemeji, na dada mkubwa ni *ane*. Siku moja ya baridi mkulima mmoja aliongea juu ya mkewe, akasema *shinda*, na mimi nikafurahi kusikia neno la nyumbani. "Ameshinda nini?" nikauliza. Madame akanigeukia. "Amekufa. Amesema mke wake amekufa." Niliona aibu. Nikamweleza kwamba katika lugha yangu kushinda ni kumpita mwenzio kwenye shindano, na pia ni kukaa mahali mchana kutwa mpaka jioni. Aliacha kumenya karoti yake. "Mchana kutwa mpaka jioni," akarudia. "Basi si mbali sana."

Saa zetu za Ulaya ziliposogezwa mbele, kipindi kikahamia saa tano na robo, maana Wajapani hawachezei saa. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, na tulikuwa tumekwisha kukaa mezani. Walionyesha mji mdogo wa kaskazini, bandari, ukungu, kisha duka la tofu, ile jibini yao nyeupe ya soya, linalofungwa mwisho wa mwezi kwa sababu wenyewe wamezeeka. Mwanamke mfupi mwenye buti za mpira alikuwa ameingiza mikono ndani ya pipa la maji, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Niliona Madame Sumiko ameweka bakuli chini. Sikulishangaa hilo, nilidhani ni mji anaoujua. Mwandishi akauliza swali, yule mwanamke akanyanyua kichwa, akajibu bila huzuni, kama mtu anayetaja mambo ya zamani sana, na katika jibu lake nikasikia *ane*, kisha nikasikia *shinda*. Mle kidirishani mtangazaji akaziba mdomo kwa mkono. Nilingoja tafsiri. Ilichelewa. "Amesema maji ya baridi ni mabaya kwa mikono," Madame Sumiko akasema, akainuka bila fimbo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu avunjike, akazima televisheni.

Haikuwashwa kwa siku nane. Hakula ila supu. Nilijua nilichosikia, na nilijua kwamba amenidanganya, na siku ya tisa nilipokuwa nikimsugua mgongo kwa maji ya moto nikamwuliza, kwa sababu mtu akikupa mgongo wake ni rahisi kuuliza. "Yule mwanamke wa tofu ni nani?"

"Ni mdogo wangu. Fumie."

"Na dada aliyekufa?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa. "Ni mimi," akasema.

Alinisimulia pale pale, bila kugeuka. Duka lilikuwa la baba yake, naye, mzaliwa wa kwanza, alipaswa kulirithi na kuolewa na kijana aliyechaguliwa kulifanyia kazi. Akiwa na miaka ishirini na mitatu alimfuata mhandisi wa Kibelgiji aliyekuja kujenga kiwanda cha karatasi. Baba yake alimwambia akivuka kizingiti kile, wao watamfukizia ubani pamoja na wafu wa nyumba. Miaka ya kwanza aliandika barua. Hazikujibiwa. Akaacha. Fumie alikuwa na miaka kumi na sita; walikuwa wakilala shuka moja na kuamka pamoja kusaga maharage. "Miaka yote nilifikiri wananichukia," alisema. "Hilo nililizoea. Lakini ulimwona alivyosema? Hakusema kama mtu anayechukia. Sijui kama anajua kwamba mimi ni mzima."

Nilimwambia aandike tena. Akakataa. Nilimwambia apige simu kwenye kipindi. Akanitazama kana kwamba nimetoka chooni na ndara zile. "Waache wafu walale, Zawadi-san."

Chantal alisema vilevile, kwa maneno yake. Tulikuwa tumekaa kitandani tunakula mkate na sardini, nikamweleza. "Ile ni mambo ya famille ya batu, usitie mukono," akasema. "Na tena télé! Weye hauna karatasi. Batakuja na kamera, bakuonyeshe sura yako yote. Njo unatafuta nini?" Leo nikijitafuta ndani ya msichana yule, naona kwamba mtu anayesubiri karatasi anajua kidogo jinsi ilivyo kuwa hai bila kuhesabiwa. Nilisikia Madame ametangazwa mfu mbele ya nchi nzima na mwili wangu ukakataa. Lakini naona pia kiburi. Nilikuwa nimetazama vipindi vingi ambavyo mlango hugongwa na mwisho wake ni machozi mazuri. Niliamini kuna mwisho wa namna hiyo umewekwa mahali, unangoja mtu wa kuufungulia.

Katika duka la vyakula vya Kijapani nilikokuwa nikinunua mchele wake, kulikuwa na msichana mwanafunzi kwenye kaunta, jina lake Aya. Nilimwomba aniandikie barua kwa kipindi kile. Aliandika kwa kalamu nyembamba juu ya katoni la tambi, nikimwambia kwa Kifaransa, na tulipofika mwisho akasimama. "Yeye anajua?" akauliza. Nikasema ndiyo. Huo ndio uongo wangu, na niliusema macho makavu.

Simu ililia wiki sita baadaye. Niliipokea, nikasikia sauti ya kike, nikampelekea Madame. Alisikiliza. Nikaona anainamia simu, mara moja, mara mbili, kama wanavyoinama wao hata kwa mtu asiyewaona. Alipoiweka chini hakunipigia kelele. "Umeuweka mwili wangu dirishani," akasema, akaenda chumbani akafunga mlango. Nilivaa viatu nikijua nimefukuzwa. Nilikuwa nimeshaita lifti alipofungua. "Hakujua," akasema, amesimama na fimbo, uso umelowa. "Baba alizificha barua. Walimwambia nilikufa kwa homa, melini. Watu wa kipindi wamekwenda kumweleza, akakaa chini sakafuni." Kisha: "Gauni la kijivu lina mkunjo. Lipige pasi."

Walikuja Oktoba, watu watatu, wapole, wakavua viatu bila kuambiwa. Walitaka pia kumwonyesha mtunzaji, maana barua ilitoka kwake. Mimi nilikuwa naogopa, sina karatasi. Chantal, aliyenitukana miezi yote, ndiye aliyesimama asubuhi ile akajifunga kitambaa kipya cha kichwani. "Bon. Nitaenda miye. Miye niko nazo, karatasi. Nipe tablier yako." Akanivua aproni. Basi akakaa kwenye sofa langu, kando ya mama yangu, akitabasamu kama alivyoelekezwa, nami nikakaa jikoni nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Waliweka kompyuta mezani. Kulikuwa na timu nyingine kule kaskazini, dukani, na ndani ya kioo angeonekana Fumie.

Nilisikia Madame Sumiko akiita jina lake. Halafu sauti ikatoka kwenye kompyuta, kavu, isiyopanda wala kushuka, ikaongea muda mrefu. Sikuelewa hata neno, lakini sauti haihitaji kamusi. Nilichungulia. Chantal alikuwa bado anatabasamu, maskini, na mmoja wa wale watu alikuwa amekodolea macho zulia. Madame Sumiko aliinama mpaka paji la uso likagusa meza, akabaki hapo, hata kioo kilipokuwa cheusi. Walipokwisha kuondoka, nilimpikia uji wa mchele, akaniambia yote, kijiko kwa kijiko. Fumie alikuwa amesema hivi: "Nilikulilia. Niliacha shule kwa sababu ulikufa. Nikaolewa na yule kijana wako kwa sababu ulikufa. Nimesimama ndani ya maji maisha yangu yote, na kila nilipochoka nilijiambia, dada hakupata hata huku kuchoka. Sasa unaniambia ulikuwa hai. Mimi nitaipeleka wapi hiyo? Ungebaki umekufa, ningekupenda mpaka mwisho."

Kipindi kilitoka Novemba. Tulikitazama, sisi watatu; Chantal aliomba ruhusa kazini. Kilikuwa kizuri. Bandari, ukungu, picha ya wasichana wawili mbele ya duka, muziki wa piano. Chantal akimimina chai. Madame Sumiko anaita jina, Fumie anatazama, Madame anainama, machozi. Mtangazaji naye alilia, pale pembeni. Maneno ya rangi yalipita chini na Madame Sumiko akayasoma kwa Kifaransa, moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni: "Dada wawili, baada ya maisha mazima, hatimaye wamekutana." Maneno ya Fumie waliyakata yote. "Njo bien, hivi," Chantal akasema polepole, akijipangusa macho. "Batu banapenda ifike mwisho." Kwa wiki kadhaa barua zilikuja kutoka Japani, kutoka kwa watu tusiowajua, wakimpongeza. Alizisoma zote. Alizijibu zote, na kuwashukuru, na hakumwambia hata mmoja alichosema Fumie.

Jumapili ya kwanza ya Desemba aliniomba nipige nambari ya dukani. Nilipiga, nikampa. Fumie alipokea, akasikia ni nani, akanyamaza. Lakini hakukata. Madame Sumiko naye akanyamaza. Robo saa nzima niliona anaikandamiza simu sikioni, macho ameyafumba. "Nasikia maji," aliniambia baadaye. "Hajaacha. Bado anatengeneza kidogo, kwa ajili ya majirani." Ikawa kila Jumapili saa nne asubuhi: mimi kupiga, yeye kushika, wao wawili kunyamaza. Wakati mwingine Madame alisema habari ndogo, theluji imeanguka, nimekula samaki. Kutoka upande wa pili hakukuja jibu, wala mlio wa kukatwa. Sijui hiyo iitwe nini. Sikuwahi kuona kipindi chake.

Mapafu yake yalijaa maji mwezi wa pili. Alilala siku tano katika hospitali ya jirani, ile ya chuo kikuu, na siku ya tano, Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, alinishika kidole gumba, akakiachia. Nilimvalisha gauni la kijivu. Hakuwa na mtoto. Wapwa wa mumewe walikuja, wakatia sahihi, wakaniruhusu kubaki na ufunguo hadi Jumatatu.

Watu huniuliza, nikiwasimulia, kama najuta. Mimi leo ni mtunzaji wa wagonjwa mwenye beji na karatasi zote, nimeona wengi wakiondoka, na ninajua kuna wanaoondoka wakiwa na amani kwa sababu hakuna aliyewafungulia mlango wowote. Nilimnyang'anya Fumie dada aliyekuwa akimpenda, nikampa mwingine ambaye yeye hakuweza kumsamehe. Nilimpa Madame Sumiko Jumapili kumi na moja za kusikiliza maji. Sijui mzani wa kupimia vitu hivi viwili. Chantal aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakunja shuka, "Ulitia mukono," na hakurudia tena hadi kifo chake.

Jumapili iliyofuata kifo cha Madame nilimwomba Aya aje, ili amweleze Fumie kwa lugha yake. Tulisimama karibu na simu, makoti yetu mwilini, nyumba ilikuwa imekwisha kuanza kuwa na baridi. Saa nne ilipofika nilipiga nambari mwenyewe, kwa mazoea, kidole kikiijua njia, nikaiweka simu sikioni ningoje ipokelewe ndipo nimpe. Ikapokelewa. Nilikuwa karibu kumnyooshea Aya simu, na kabla sijaitoa sikioni, Fumie akaanza kusema.

Alisema. Baada ya Jumapili zote zile. Alianza kwa sauti ndogo, akakohoa, akaanza upya. Aya alikuwa amefungua kiganja, ananitazama, na mimi nilishindwa kuiondoa simu sikioni. Ningefanya nini? Nimkate katikati? Aliongea taratibu, akanyamaza kidogo, akaendelea. Mahali fulani nilisikia kicheko kifupi, mahali fulani kitu kama kuvuta kamasi. Nyuma yake maji yalikuwa yamefungwa. Mimi sikupumua kwa nguvu, nisije nikajulikana. Alipomaliza, alimaliza kweli, ilisikika, na akangoja.

Ndipo nilipompa Aya. Aya aliinama, akasema jina lake, akasema maneno machache. Kisha akauliza jambo kwa upole, akasikiliza, akaaga, akaiweka chini kwa mikono miwili.

"Nimemwuliza kama ana ujumbe wa kusemwa kesho kaburini," aliniambia. "Amesema hapana. Amesema alilokuwa nalo ameshamwambia."